Vipuli vya Mfupa wa Lindi

CHOLE. Mfaume Shaabani amejikalia barazani, anasugua kifungo cha kombe kwa ngozi ya samaki taa. Shingoni mwake vinaning'inia kwa uzi vipuli viwili vya kike. Wapita njia wanacheka. Yeye anaitikia salamu zao na kuendelea kusugua.

"Wacheke," anasema. "Mpaka Ijumaa ni vyangu."

Fundi huyu wa miaka hamsini na ushei anatengeneza mapambo ya kombe tangu ujana. Kazi humpatia rupia nne kwa mwezi, tena mwezi ukiwa mzuri. Binti yake Mwanamkuu anaolewa Ijumaa, na fedha ya kumfulia vipuli hana.

Ndipo ndugu yake Jumanne, mpagazi huko bara ya Lindi ambako Wadachi wanachimbua mifupa mikubwa ajabu, alipomletea kipande kizito cha rangi ya damu ya mzee, chenye vidoa kama masega ya nyuki. Jumanne alisema ni jiwe tu, zuri. Mfaume akalipenda hapo hapo. Akalikata, akalitoboa kwa keke, akatia waya wa shaba.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mafundi wa hapa, kabla ya kumkabidhi mwanamke pambo, huligusisha ulimi, maana ulimi huona mkwaruzo ambao kidole hakiuoni. Jiwe huteleza. Kipuli kile kilinata, na kinachonata ulimini ni mfupa mkavu. Mfaume akatia chembe motoni apate kunusa, maana mfupa ukiungua hunuka. Haikutoka harufu yoyote.

"Ulimi unaniambia mfupa, moto unaniambia jiwe," anasema. "Nimsadiki nani?"

Mwandishi wa habari hii naye alikigusisha ulimi. Kikanata. Hakusaidia kitu.

Jumanne alipobanwa alikiri kwamba kilitoka mashimoni, na kwamba Wadachi wanasema ni mjusi, mrefu kupita msikiti wetu. Heri angenyamaza. Habari zikamfikia Bi Sihaba, mama wa bwana harusi. Mjusi ndiye yule yule ambaye watoto wa Chole hufundishwa kumuua wapate thawabu, na huyu hata kuchinjwa hakuchinjwa. Bi Sihaba akavikataa vipuli.

Akaulizwa maalimu wa chuo cha Kurani. Akajibu kwamba jiwe ni jiwe na mzoga ni mzoga, kisha akauliza hiki ni kipi. Watu wote wakamgeukia Mfaume.

Mwishowe Bi Sihaba alitoa sharti lake. "Vivae wewe kwanza, mkwe wangu, nikuone. Kama vina neno, likupate wewe uliyevitengeneza. Ukifika Ijumaa mzima, mwanao atavivaa."

Basi Mfaume anavivaa. Mlangoni mwa msikiti huvivua asije akakosea, halafu anaona haya, kama mtu aliyekwisha kukubali kuwa ni najisi. Hajapatwa na kitu, ila jino linamuuma. Lilikuwa likimuuma tangu zamani.

"Au jino lile silo hili," anasema, ameshika shavu.

Mbona asimtengenezee vya kombe, yakaisha? Fundi anaacha kusugua.

"Vya kombe anavaa kila siku. Siku moja hii nilitaka avae kitu ambacho sikioni mwa mtu hakijapata kuingia. Sasa sijui nimempamba au nimemponza."

Mwanamkuu alikuwa mlangoni akisikiliza. Akatoka, akachutama mbele ya baba yake.

"Nipe kimoja nivae leo, baba. Kama kina neno, tulipate sote."

Mfaume alikataa. Akakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akafungua uzi. Mikono iliyotoboa makombe maisha yake yote ilishindwa kuliona tundu la sikio, ikabidi binti amshike kidole amwongoze.

Ijumaa ikipita salama, Mfaume anakusudia kufuatana na Jumanne mpaka Lindi, akamwone kwa macho yake huyo aliyemo ardhini.

"Awe mjusi, awe jiwe, nataka nimjue," anasema, kipuli kimoja kimebaki shingoni. "Ameshakuwa jamaa."