Acha Damu Ichague Njia

Kaa hapa karibu nami unisikilize, mwanangu, maana naona kompyuta yako imekunyima raha tangu asubuhi, nawe unafuta matawi ya mishipa moja moja. Mimi pia ilininyima, siku moja hapahapa Bukavu, nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa nikitengeneza mfano wa kompyuta wa kuonyesha jinsi mishipa midogo ya damu inavyoota upya kwenye kidonda kinachopona. Siku ya kuutetea mbele ya jopo la walimu ilikuwa imekaribia, na kama mfano huo usingefanana na picha za kidonda halisi, ningerudia mwaka.

Kila nilipouendesha, mishipa ilitoa matawi, na matawi yakatoa mengine, mpaka kioo cha kompyuta kikajaa kama pori. Nikaanza kufuta ya ziada kwa mkono.

Msimamizi wangu, papa mmoja, yaani mzee, kutoka Walungu, aliyependa utani, akanikuta hapo, akaniita mama kwa Kifaransa.

"Maman, uko unapalilia mihogo?"

Kisha akaniita dirishani. Kwenye kilima cha ng'ambo watu walikuwa wakipanda kutoka sokoni kwa njia mpya, waliyoikanyaga baada ya mvua kubomoa sehemu ya ile ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa imeota majani.

"Ile ya zamani, nani aliifunga?"

"Hakuna mutu, papa. Watu waliacha tu kupita."

"Basi acha kukata. Acha damu ipite, yenyewe itachagua."

Nilikuwa nimeifundisha mishipa kuota tu. Nikaongeza kanuni: mshipa unaopitisha damu nyingi upanuke, usiopitisha usinyae hadi utoweke. Umeme ukakatika, kama kawaida yake, nikangoja. Uliporudi, pori likafunguka mbele ya macho yangu. Mishipa michache ikanenepa, ile myembamba ikagawana kazi, mingine ikajiondoa kimya. Nikaweka picha ya kidonda kando yake: mapacha.

Siku ya utetezi, jopo lilileta picha za siku hadi siku za kidonda nisichowahi kukiona. Mfano wangu ukakifuata mpaka kikapona. Mama yangu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alipiga vigelegele kabla mkuu wa jopo hajamaliza kutangaza kwamba nimefaulu.

Mwanangu, jibu likija baya, usipambe picha. Tafuta kanuni iliyokosekana. Mwili hujenga kwa kuotesha, na hujenga pia kwa kuachilia. Mungu akupe subira, na nyumba yako ipate siku ya vigelegele kama yetu.

Sasa rudisha matawi yote uliyofuta, andika kanuni ya damu kupita, kisha uendeshe upya.