Nilifuta jina la mwenzangu kwenye gemu, nikaenda Mwanza badala yake

Admin, nifichie jina tafadhali, maana ofisini kwetu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Bariadi, ni mkuu wa kitengo cha kompyuta kwenye ofisi moja hapa mjini. Watu wananisifu kwamba nimefika hapa kwa kujituma. Leo naomba niseme ukweli.

Miaka ile kampuni binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, na moja ikafungua ofisi hapa. Niliajiriwa karani. Baada ya miezi miwili akaletwa mwenzangu, nimwite Minza, si jina lake. Alitoka kijijini Nkololo, amekua akichunga ng'ombe na kaka zake, kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza pale pale. Mimi nilikuwa nimesomea kuchapa Shinyanga, basi nikajiona niko juu.

Kwenye kompyuta kulikuwa na gemu la askari anayeingia kambi ya adui peke yake. Jamani, lilikuwa gumu! Ukionekana tu king'ora kinalia, askari wanamiminika, risasi mbili tatu umekufa, na katikati ya misheni huwezi kuhifadhi ulipofika, unarudi mwanzo. Meneja alituruhusu kucheza saa ya chakula ili tuzoee mausi. Mimi nilikuwa naingia getini nafyatua, nakufa. Minza alikuwa analaza askari wake kwenye majani, anatoa darubini, anawaangalia walinzi wanavyozunguka mpaka ugali wake unapoa. Halafu anapita nyuma yao taratibu, hakuna anayeshtuka.

"Umejifunzia wapi haya?" meneja akamuuliza.

"Kuchunga, bosi. Nimezoea kukaa kimya naangalia."

Meneja akacheka, akavuta kiti akakaa karibu yake. Kwangu hakuwahi kuvuta kiti hata siku moja. Wivu ukanishika, nikafunika chakula changu.

Baadaye akatutangazia kwamba mmoja wetu atapelekwa Mwanza kusomea kompyuta. "Naona kichwa cha Minza kinaendana na hii mashine," akasema mbele yangu. Wakati huo Minza alikuwa amebakiza misheni ya mwisho.

Wiki hiyo akaja fundi wa printa. Nikamuuliza kama lile gemu lina njia ya mkato. Akanipa disketi, akasema, "Washa hiki kiprogramu kwanza. Watakupiga risasi mpaka wachoke, hufi." Kesho yake niliwahi kazini kabla ya wote. Kwanza nikafungua orodha ya wachezaji, ambako kila jina lilitunza misheni alizomaliza mwenyewe, nikachagua jina la Minza, nikalifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Kwa asubuhi nne nikamaliza gemu lote, nikamwita meneja aone ule mwisho tu. Akanipigia makofi, akasema basi Mwanza nitakwenda mimi.

Saa ya chakula siku ile niliyofuta, Minza alihangaika. "Dada, mbona jina langu silioni?"

"Jana umeme ulikatika ghafla, labda ndio umefuta."

Akaniamini. Akakaa, akaanza upya misheni ya kwanza bila kunung'unika, na mimi nikaenda Mwanza. Kampuni ilipofungwa, yeye alirudi Nkololo kulima.

Sasa wiki iliyopita nimeitwa mapokezi, namkuta Minza na binti yake. "Mwangaluka, dada!" akanisalimu Kisukuma, akanikumbatia. Binti anasoma kompyuta chuo kikuu, anatafuta pa kufanyia fildi, mafunzo ya kazini ya miezi miwili. Minza akamwambia, "Huyu ndiye mamkubwa niliyekusimulia, aliyelimaliza lile gemu lililonishinda."

Binti akanitazama kwa heshima. "Mamkubwa, misheni ya mwisho uliipitaje? Mimi na mama tunalicheza kwenye laptopu yangu, tumekwama hapo hapo."

"Uvumilivu tu, mwanangu," nikajibu.

Wakatazamana wakacheka, mama na mwana, kama marafiki. Mnajua badala ya kuona aibu niliona nini? Wivu! Ule ule wa zamani. Wanangu mimi wananipigia simu sikukuu kwa sikukuu.

Minza akanishika mikono. "Akae kwako hiyo miezi miwili, dada. Nataka awe kama wewe."

Nimekubali. Binti anakuja Jumatatu. Nikimwambia Minza ukweli, nitampoteza, na habari itafika ofisini. Nikinyamaza, nitakula meza moja na mtoto wake kila siku huku ananiita mfano wake. Nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri: nimpigie Minza kabla ya Jumatatu, au nimpokee mwanae nikae kimya?