Nyumba Imethaminiwa, Mwamba wa Michembe Je?

Saa sita mchana, jua la Bariadi limekaa utosini na kila mwenye akili zake amejibanza kivulini. Nyamizi Selestini yuko katikati ya mwamba, miguu mitupu, ameinama anageuza michembe. Anapitisha viganja juu ya jiwe la moto kana kwamba anafuta meza, na vipande vya chini vinakuja juu.

“Mwadila!” anaitikia salamu bila kuinuka. “Pita pembeni, mwanangu, usinikanyagie mali.”

Mali hiyo ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi. Vingechemshwa kwanza vingeitwa matobolwa. Usukumani hakuna asiyevijua. Vinaliwa na mchungaji porini na mwalimu mezani, vikiungwa kwa karanga au maziwa, na mwaka wa njaa ndivyo vinavyobakiza watoto shuleni.

Nyamizi ana miaka hamsini na minne, na kazi hii ameifanya tangu alipoolewa katika kitongoji hiki cha pembezoni mwa mji. Mwezi mzuri wa kiangazi humwachia kama shilingi laki tatu. Wanawe wanne wamesomeshwa na mwamba huu, ambao ni mpana kuliko sakafu ya ghala la pamba na umelala bapa nyuma ya nyumba yake.

Tuseme vizuri: nyumba ndiyo iliyoufuata mwamba. Marehemu mumewe, Josia, alikuwa amepewa na baba yake kiwanja kizuri kule bondeni, penye udongo mweusi. Mama yake akakataa katakata.

“Mama mkwe wangu alikuwa anaanika hapa,” anasimulia Nyamizi. “Akamwambia Josia, mjengee mkeo kwenye jiwe. Shamba mtalima popote, jiwe halihamishwi.”

Mwaka jana eneo hilo lilitangazwa kuwa litatwaliwa ili kujenga maghala na maegesho ya malori. Wathamini wakaja. Nyumba ikapangiwa bei. Choo kikapangiwa bei, mwarobaini ukapangiwa bei, na hata kaburi la Josia likatengewa fungu lake la kuhamishia. Mwamba haukuandikwa popote.

Haukuandikwa! Kitu kilichoileta nyumba mahali pale, kikawalisha waliomo ndani yake, kimekuwa si kitu. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwa upole kwamba kanuni zimefuatwa. Na zimefuatwa kweli, hapo ndipo hasira inapomshika mtu.

Nyamizi hapingi malori. “Pamba yetu nayo inapanda malori,” anasema. Anachotaka kujua ni yeye atafanya kazi wapi, maana hiyo fidia ya kuta na bati haitoshi hata kumnunulia kiwanja chenye jiwe, kama kingekuwapo.

Kosa lilianza siku ya ukaguzi, na ni kosa ambalo Msukuma yeyote aliyelelewa vizuri angelifanya. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwenyekiti wa kitongoji, Marcelo, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba wageni wa serikali wanakuja na kila mtu awepo kwake.

Sasa mwambie Msukuma kwamba kesho anapata mgeni, halafu ukae uone. Nyamizi aliikusanya michembe yote, hata ile iliyokuwa haijakauka, akaisukumia uvunguni. Akamwagilia mwamba maji na kuusugua kwa ufagio. Akachinja jogoo. Jirani yake anayefuga kuku wa biashara aliwahamishia wote kwa dada yake ili wageni wasisikie harufu.

“Ningempokeaje mgeni na viazi vimetapakaa uani?” anauliza. “Angesema mke wa Josia ni mchafu.”

Mgeni alikuwa Rogasian, mthamini aliyesajiliwa, aliyehamishiwa mkoa wa Simiyu kikazi. Alipima kuta kwa tepu, akahesabu madirisha, akamsimamisha Nyamizi mlangoni na kibao chenye namba kifuani ili ampige picha. “Kama mfungwa,” anasema mama huyo, na hapo anacheka kwa mara ya kwanza.

Kisha mthamini akazunguka nyuma ya nyumba.

“Akaniuliza, mama, na hapa je? Nikamjibu, hapo ni jiwe tu, baba,” anakumbuka Nyamizi. “Kwetu huwezi kumwambia mgeni, tazama, hapa ndipo ninapopatia hela. Ataona unajivuna. Na mwenye jicho baya akikusikia, kesho mvua inakunyeshea michembe yote.”

Rogasian akapiga picha ya jiwe, akaandika, akala jogoo, akaaga.

Matokeo yalisomwa mkutanoni baada ya masika. Nyamizi alisubiri hadi jina la mwisho kabla ya kunyoosha mkono kuuliza habari ya mwamba. Akaambiwa uthamini unafuata hali iliyokutwa siku ya ukaguzi, na hali iliyokutwa ni jiwe tupu. Kwa maneno mengine, aliadhibiwa kwa kufagia.

Rogasian mwenyewe hakukataa kuzungumza. “Sheria hainiruhusu kuthamini hadithi,” anasema. “Nathamini nilichokiona, ripoti inakwenda juu kuidhinishwa, na ikishaidhinishwa siwezi kuigusa kwa kalamu yangu. Picha yangu inaonyesha jiwe safi, halina hata kipande.” Kisha anaongeza: “Nilikula kwake. Hakuna aliyenitajia michembe, na mimi sikuuliza. Hilo linaniuma.”

Linamuuma, na tumwamini. Lakini maumivu ya mthamini hayajawahi kukausha kiazi.

Tuzitendee haki kanuni hizi: hazikuletwa kwa nia mbaya. Zamani vishoka walizunguka na tepu mkononi wakizipangia bei nyumba za watu wasizozijua, wakila huku na huku. Ndipo sheria ikataka kazi hiyo ifanywe na aliyesajiliwa peke yake, na wakubwa waipitie. Mlango ukafungwa ili mwizi asiingie, na mwenye nyumba naye akajikuta yuko nje.

Maana Nyamizi alipotaka kupinga, alishauriwa alete mthamini wake. Naye lazima awe amesajiliwa. Aliyempata kwa simu, kutoka Mwanza, alimtajia laki tisa kabla hata hajapanda gari. Ni kiangazi kizima cha kugeuza michembe bila kula wala kulala.

Akaelezwa kuna njia nyingine, ya kudai fidia ya faida ya biashara itakayopotea. Alifurahi. Akaenda ofisi ya mradi mapema, amevaa kitenge chake cha kanisani. Huko akatakiwa kuwasilisha hesabu za biashara zilizokaguliwa na mkaguzi anayetambulika.

“Nikamwambia yule dada wa mapokezi, hesabu zangu, mwanangu, zimeshaliwa na watu. Wengine ni wabunge sasa, nenda kawakague.”

Dada alicheka. Ombi halikupokelewa.

Hivi kweli, katika nchi ambayo nusu ya chakula chake kinaanikwa, kinapepetwa na kuuzwa na wanawake wasiojua mlango wa mkaguzi ulipo, nani alikaa akafikiri kwamba hiyo ndiyo karatasi ya kuwadai? Au hakufikiriwa mtu kabisa?

Wakati hayo yakiendelea, nyumba iliyothaminiwa inaanguka. Ukuta wa upande wa jua kuzama ulipasuka wakati wa mvua, na sasa umeegemezwa kwa magogo mawili. Nyamizi ana udongo na ana mikono, angeuziba kwa siku moja. Lakini mkutanoni ilitangazwa kwamba eneo likishathaminiwa hakuna kuendeleza chochote, na kila mtu akatoka pale akiamini kwamba atakayegusa hata tope atapoteza fidia. Kuziba ufa si kuendeleza, mtoto wa darasa la tatu anajua. Hakuna afisa aliyerudi kuwaambia hivyo.

“Usiku upepo ukivuma nawahamishia wajukuu chumba cha mbele,” anasema. “Nyumba yangu, na naiogopa.”

Asidhaniwe kuwa amekaa tu akilia. Amejaribu kuanika juu ya maturubai, aone kama ataweza kuishi bila mwamba. Michembe ilitoa jasho, ikaota ukungu, ikawa myeusi. Mteja wake mkubwa, Honorata, anayeuza rejareja Nyalikungu, mjini Maswa, alimrudishia magunia yote kwenye pikipiki ileile iliyoyaleta.

“Sikutaka kumkwaza mayu Nyamizi, ni mama yangu huyu, tumetoka mbali,” anasema Honorata. “Lakini mteja wangu akiuma mchembe wenye ukungu leo, kesho anahamia kwa jirani. Michembe ya jiwe inalia ukiivunja. Ile ilikuwa inapinda.”

Nyamizi amekwenda hadi Kasoli kutafuta mwamba mwingine. Simiyu haijapungukiwa mawe, ila kila jiwe bapa lina mwanamke wake, na mwanamke huyo ana mama mkwe aliyemrithisha. Walimkaribisha, wakampa ugali na mlenda, wakamsikitikia. Nafasi hawakuwa nayo.

Sasa imebaki kusaini. Kaya zote za kitongoji zimeshakubali fidia, yake peke yake bado, na mwisho ni Jumatatu. Marcelo amekuja mara nyingi kumsihi, na leo yupo tena, amesimama pembeni ya mwamba akiwa ameshika kofia yake.

“Mayu, saini,” anamwambia. “Hela kidogo ni hela. Ukichelewa watakuja na greda, utabaki na jiwe lako katikati ya malori.”

“Nikisaini nimekubali kwamba hapa hapakuwa na kazi,” Nyamizi anamjibu. “Miaka yote hii nilikuwa nacheza? Watoto wangu walikuwa wanakula mchezo?”

Marcelo anainama, anaokota mchembe mmoja, anautafuna taratibu. Yeye naye amekulia hapa.

Haombi utajiri, Nyamizi. Ukimuuliza mwamba una bei gani anashangaa swali lenyewe. Anachodai ni kwamba kabla hajaweka dole gumba, mtu mwenye mamlaka aje asimame hapa mchana, auone ukifanya kazi, amwonyeshe mahali pengine atakapofanya kazi hiyo na aandike hivyo. Ombi hilo amelipeleka kwa mdomo na kwa barua aliyoandikiwa na mwanawe. Amejibiwa kwamba limepokelewa, na kwamba ratiba ya ukaguzi ilikwishafungwa.

Kwa hiyo ana mpango wake. Ofisi ya mradi ina uwanja mpana wa sakafu ya saruji, unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, na magari mawili tu ndiyo yanayoegeshwa hapo. Aliuona siku ile alipotakiwa kuleta hesabu, na anakiri kwamba tangu hapo haujamtoka akilini. Ameshazungumza na wanawake wenzake wanaoanika naye. Jumatatu watakodi guta, wapakie viazi vilivyokatwa usiku, na wafike kabla ofisi haijafunguliwa.

“Sitatukana mtu,” anasema, sasa amenyooka, mikono kiunoni, uso unamtoka jasho. “Nitafagia kwanza, maana ni kwa watu. Kisha nitaanika, nikae pembeni nifukuze mbuzi. Atakayetoka kuniuliza kwa nini naanika pale, nitamwambia: haya, baba, nionyeshe pengine.”