Nyimbo za Mama Yangu Zimekwenda na Saini

Makala ya binti yangu imetoka kwenye jarida la wataalamu, linasomwa dunia nzima, mashallah! Haya sasa, assalaam aleikum. Admin nifichie jina, ingawa watu wa Fanja watanijua tu, maana hakuna niliyembakisha kumwambia.

Nina miaka hamsini na nane. Shule niliishia darasa la saba, lakini nimezaa mwalimu wa chuo, huko Nizwa. Alichoandika ni nyimbo za harusi za mama yangu, alizozitunga mwenyewe Unguja akaja nazo Oman kichwani. Kumi na mbili, zote zimo neno kwa neno. Mama sasa kumbukumbu imemtoka, ukimwanzishia wimbo anakutazama tu. Binti alimrekodi mapema kwa simu, lakini simu ile ilikufa na sauti zikafa nayo.

Jarida lilipomletea karatasi ya kutia saini kwenye kompyuta, alitaka kwanza amuulize mwenziwe wa kazini maana yake. Mimi nikamkalia kooni. Nikamwambia, "Tia saini, mwanangu, wasije wakampa nafasi mwengine." Akatia.

Basi nikatangaza karamu. Nikaenda Nizwa duka la kuchapisha, nikaagiza vijitabu, picha ya mama juu, kila mgeni aondoke na chake. Binti aliposikia akakaa kitako. Kumbe karatasi ile inasema haki zote za makala kawapa wao. Akawaandikia kuomba ruhusa. Wamekataa, eti awatumie watu kiungo tu cha mtandaoni, na hicho ukikifungua unatakiwa ulipie. Nikasema nyimbo si za jarida, ni za bibi yako.

"Mama, nimesaini kuwa kila kilichomo ni changu," akanijibu. "Na jina la bibi halimo. Nimemwandika Msimulizi wa Kwanza."

Mwanasheria kamwambia huenda nyimbo bado ni za bibi, lakini upatikane uthibitisho. Nani atathibitisha? Mwenyewe hakumbuki kama alizitunga. Kinachomkaa kichwani ni kimoja, kila asubuhi ananiuliza, "Kitabu changu kimefika?" Namwambia kiko njiani. Mimi ndiye niliyemharakisha mtoto, na hilo sijamwambia mtu ila nyinyi.

Nishaurini wenzangu, nifanye nini? Jamaa wa Sur wameshakodi basi, wa Ibra wanakuja na mbuzi wao, mama keshachagua leso ya kujifunga. Wote nimewaambia Ijumaa hii, baada ya sala.