Hapana Mbili za Fundi Yadollah

Saa moja asubuhi, karibu na Medani ya Khorasan, kusini mwa Tehran, Yadollah Sarbandi ameingiza kichwa chini ya boneti ya gari la kijani kilichopauka. Ana kipande cha sukari shavuni, na chai yake imepoa juu ya betri. Anasafisha kabureta ambayo ni safi tangu jana. Mafundi wenzake wanampisha kwa sababu wanajua leo gari linachukuliwa.

Gari lenyewe ni Aria. Wamarekani waliliita Rambler, lakini hili liliunganishwa hapa hapa Tehran, kabla ya mapinduzi, likapewa jina la kwetu. Wapenzi wa magari ya kale huko ng'ambo wana Rambler zao, ila Aria hawana, na humwandikia kwenye simu ya binti yake wakiomba japo picha ya nembo.

"Wananiuliza kama ninalo," anasema. "Nawajibu kwamba ninalitengeneza. Najua sijawajibu."

Amelitengeneza tangu ujana wake. Mwenye gari, Mahlagha Tavakoli, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe, alikuwa akilileta kila mwaka kabla ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya. Yadollah mwenyewe huja kazini kwa pikipiki inayotoa moshi kuliko mwendo.

Mwaka juzi Mwalimu alikuja akiendeshwa na mpwa wake. Macho yalikuwa yamemtupa mkono. Aliweka funguo juu ya meza ya spana.

"Yadollah, mimi na usukani basi. Gari chukua wewe."

Moyo ulimruka fundi, lakini ulimi ukafuata adabu. "Hata kidogo, Mwalimu. Gari linapendeza kwa mwenyewe."

"Nimesema chukua."

"Niwe fidia yako, siwezi. Mimi nani hata nipande Aria?"

Mtaa mzima unajua mambo yanavyokwenda baada ya hapo. Hiyo ndiyo taarofu: unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili, mtoaji anabembeleza, na mara ya tatu unaweka mkono kifuani na kupokea. Yadollah alikuwa ameshaanza kufuta grisi mikononi ili asichafue funguo.

Lakini Mwalimu alifundisha hesabu maisha yake yote, na kwake hapana ni hapana. Alichukua funguo zake. "Basi, sikulazimishi," akasema, akaondoka.

"Nilibaki na kitambaa mkononi," anakumbuka Yadollah. "Nikajiambia kesho atarudi kunibembeleza. Mpumbavu mimi."

Hakurudi. Gari lilikwenda kwa mpwa, naye majuzi kaliuza kwa Kamyar, tajiri wa Isfahan mwenye bohari zima la magari ya kale, aliyeagiza litengenezwe kwanza hapa gerejini. Robabeh, mkewe Yadollah, hajamwacha salama tangu siku ile. Mume akikataa kuongezewa mchuzi kwa adabu, sufuria huondolewa hapo hapo.

Adhuhuri, Kamyar anafika na lori la kubebea magari. Yadollah anawasha injini, nayo inanguruma taratibu. Wanabishana kidogo juu ya malipo, fundi akisema kazi yake haina thamani, tajiri akimtia noti mfukoni. Kisha Yadollah ananyoosha funguo.

Kamyar anaweka mkono kifuani na kuzisukuma zirudi. "Hata kidogo, Fundi. Lako hili. Nenda nalo nyumbani."

Ni maneno tu. Huambiwa hivyo hata mtu aliyesifia shati la mwenzake. Lakini vidole vya Yadollah vinafunga juu ya funguo, wala havifunguki. Dereva wa lori anaacha kutafuna mbegu za alizeti. Tabasamu la Kamyar linaanza kumwishia usoni.

"Asubuhi za baridi," Yadollah anasema hatimaye, "usilikanyage mafuta kabla halijakohoa." Anamkabidhi funguo, anaingia ndani ya gereji, na hatoki mpaka lori limepinda kona.

"Aliyenipa kweli nilidhani ananifanyia adabu," anasema, macho yakiwa chini. "Huyu aliyekuwa akifanya adabu, nilitamani nimwamini. Inaniuma, na itaniuma."

Wiki iliyofuata simu ililia gerejini. Alikuwa Mwalimu. Chini ya ngazi za nyumba yake alikuwa amepapasa akakuta kofia ya gurudumu, ile sahani ya kung'aa inayofunika nati, ya akiba, ya Aria. Akauliza kama Yadollah anaitaka.

"Naitaka, Mwalimu," akajibu kabla mama huyo hajamaliza kuuliza.

"Na gari je? Ulilitaka?"

"Nililitaka."

"Ungesema, mwanangu."

Kofia hiyo sasa imetundikwa juu ya meza ya spana, na Yadollah huing'arisha kila asubuhi kabla ya chai. Siku za Ijumaa hupanda pikipiki yake akazunguka kwenye yadi za vyuma chakavu nje ya mji, akitafuta Aria yoyote, hata bodi tupu iliyoota majani. Wenye yadi wanamcheka, naye anacheka nao.

"Kofia moja ninayo," anasema. "Bado tatu, na gari lenyewe."