Mkuu wa Tarafa wa Ghorofa ya Sita

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kwenye ghorofa ya sita huko Rockville, Marekani, aliwahi kuwa mkuu wa tarafa huko vijijini India, na hakuniacha nisahau hata siku moja. Kutoka kitandani hadi chooni alihitaji nimshike kwapa, lakini likizo yangu ya siku moja ilibidi niiombe kwa maandishi. Barua akakaa nayo siku tatu, kisha akaandika pembeni: izingatiwe. Izingatiwe na nani, jamani, na mchana kutwa tulikuwa wawili tu mle ndani?

Nilimdharau, sifichi. Nilimdharau zaidi aliponisimulia, huku akitabasamu, jinsi wanakijiji walivyokaa chini kwenye veranda yake tangu alfajiri, yeye yuko ndani anakunywa chai na kusoma gazeti. Kazi ya kumshughulisha humo ndani hakuwa nayo. "Mtu akingojeshwa, Sista, anashika adabu," aliniambia. Mjane mmoja alikuja siku kumi na moja mfululizo kuomba shamba la marehemu mumewe liandikwe jina lake. Siku ya kumi na mbili hakuja, na huyu mzee akaandika kwamba mwombaji hakufika, akafunga faili. Alilisimulia hilo kama mtu anayesimulia harusi yake. Kwetu pia tulikuwa na D.O., mkuu wa tarafa wetu, wa aina hiyo. Mama yangu alimpelekea kuku, na kuku akaliwa bure.

Kitu kimoja tu cha heshima kilikuwa kimembakia: hakuvaa nepi. Binti yake, anayeishi naye na kufanya kazi Beltsville, alikuwa amemwonya kwamba akijikojolea tena atavalishwa. Kwa hiyo alipobanwa alipiga kengele, nami nilikimbia.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana na hadithi ya mjane kwa mara ya tatu, kengele ililia nikiwa jikoni na chai yangu. Nikasema moyoni, leo na wewe ngoja. Ikalia tena. Nikapuliza chai, nikanywa taratibu, na kusema kweli ilikuwa tamu.

Nilipoingia, suruali ilikuwa imelowa hadi kwenye soksi. Hakunigombeza. Alinitazama, machozi yakimlengalenga, akasema, "Tafadhali, Sista, usimwambie."

Nikambadilisha, nikafua. Kisha nikafungua daftari ambalo bintiye hulisoma kila jioni, nikaandika kwa mwandiko mzuri: saa nane mchana, mzee amejikojolea. Ya kengele sikuandika. Kesho yake nepi zikaletwa, boksi zima, na mimi ndiye niliyemvalisha.