Moshi wa Mama Masika

Watu wakisikia harufu ya sponji inayoungua hukunja pua na kukimbia. Mimi husimama. Majuzi jirani yangu hapa Bwera alichoma godoro kuukuu nyuma ya choo chake, moshi mweusi ukaingia hadi chumbani kwangu, na badala ya kufunga dirisha nikalifungua zaidi, nikakaa kitandani nikalia. Mjukuu wangu alidhani moshi umeniingia machoni. Nikamwacha adhani hivyo. Angejuaje kwamba bibi yake alikuwa amerudi Kasese, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwenye kile kiangazi ambacho baba alikuwa akirusha ndege juu ya moto na mama aliapa kumwacha?

Tulikaa katika nyumba ya bati mwisho wa uwanja wa ndege, na nikisema uwanja msifikirie makubwa: ulikuwa ukanda wa nyasi tu, na mbuzi walifukuzwa kwanza ndipo ndege itue. Baba alikuwa Mkenya. Alijifunza urubani Nairobi, akaletwa kwetu na kampuni iliyopulizia dawa mashamba ya pamba, akamkuta mama, binti wa Kikonzo wa Bwera, na hakurudi kwao tena. Ndege yake ilikuwa ndogo, ya kiti kimoja, yenye tangi la dawa. Kiangazi kilipokaza na mbuga za upande wa Muhokya zikaanza kuwaka, tangi lilioshwa likajazwa maji, na baba akatumwa kuyamwaga mbele ya moto, ili wanaume waliokuwa chini na matawi yao mabichi wapate nafasi ya kuuzima. Maji yenyewe hayakuwa mengi kihivyo, lakini kwa majirani zetu baba alikuwa mvua. Wanawake wenye ndugu Hamukungu, kule ziwani, walimletea mama samaki bila kuombwa. Nami nilivimba kichwa, weee! Ila nikiogopa kupanda mpera, wenzangu hawakunisaza: "Mtoto wa rubani huyo! Kweli moto huzaa majivu."

Rubani hutua akiukabili upepo, na kile kifuko cha kitambaa cha kuonyesha upepo kilikuwa kimeoza kwenye mlingoti wake, wala hakuna aliyejisumbua kuleta kingine. Basi kazi hiyo ilikuwa ya mama. Akisikia mngurumo, hata kama mikono imejaa unga, alikimbilia mafiga ya nje akatupia majani mabichi juu ya kuni. Moshi ukipanda na kulala upande mmoja, baba alijua upepo unatoka wapi na uwanja unaanzia wapi. "Kutwa nafukuza moshi," alikuwa akisema akinawa mikono, "lakini kuna mmoja naufuata." Mama alijifanya hakusikia, akampakulia mnofu mkubwa. Sijaona tena watu wawili wakiambiana wanapendana kwa namna ile, na laiti ningejua wakati ule kwamba ndicho nilichokuwa nakitazama.

Jioni moja baba alitua na tawi la mgunga limenasa kwenye gurudumu, majani yake bado mabichi. Alikuwa ameshuka chini mno kwenye moshi asione miti. Mama alilitazama tawi lile muda mrefu. Baba, ambaye ulimi wake haukujua kukaa kimya, akalichomoa akampa: "Nimekuletea kuni, Mama Masika." Masika ndiye mimi. Mama hakucheka. Alilitupa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sitakaa hapa kungoja siku utakayoletwa wewe mwenyewe kama kuni. Narudi kwetu Bwera na watoto. Ukichoka kuruka, njia unaijua." Nilidhani ni maneno ya hasira ya siku moja. Kumbe! Siku iliyofuata alizungumza na dereva wa lori la kwenda Mpondwe kupitia Bwera, akafunga nguo zetu kwenye shuka, akaviringisha na lile godoro la sponji alilonunua baba Kampala, la kwanza mtaani kwetu. Majirani waliwahi kuja kulibonyeza tu na kuondoka wakitikisa vichwa. Akalifunga kamba, akaliegemeza mlangoni. Kila nikipita nililigusa, nikiomba lori liharibikie njiani.

Lori lilikuwa lije kesho yake asubuhi. Mchana huo upepo ukageuka. Moto uliokuwa mbali ukasukuma moshi wote kwetu, milima ikapotea, jua likawa jekundu saa za mchana, na majivu yakaanza kudondoka juu ya maharagwe tuliyoanika. Baba alikuwa juu. Tukaisikia ndege ikija, ikapita, ikaenda, ikarudi. Mama alikuwa ameshatupia majani, na kuni zake zote, lakini moshi wake ulipanda kimo cha paa ukamezwa na ule mwingine. Mama Kahindo, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo aliyepanga nyumba ya pili, akatoka akipiga makofi kwa kuhangaika. "Mama Masika, hii moshi yako iko sawasawa na ya pori! Bwana yako ataijua namna gani?" Mngurumo ukasikika tena, safari hii ukikatakata, nami nikamshika mama kanga nikipiga kelele kwamba mafuta yanamwishia.

Mama alinitoa mikono. Akaenda mlangoni, akalibeba godoro na kamba zake, akalitupa motoni.

Moshi uliotoka pale haukuwa na ndugu. Ulikuwa mweusi tititi, mzito, unanuka kama mwisho wa dunia, ukapanda ukiyatoboa yale mawingu meupe ya nyasi. "Yesu Maria!" akasema Mama Kahindo, "godoro ya sponji!" Mama alisimama machozi yakimchuruzika, mikono kichwani, akimwita baba kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Ndege ikageuka. Ikatokeza juu ya nyumba, chini sana, ikagusa nyasi, ikadunda, ikasimama.

Baba alikuja akitembea kama mlevi, uso mweusi, macho mekundu. Akatazama majivu ya godoro lake. "Sasa tutalala wapi?" akauliza. Mama akajifuta pua kwa kanga. "Chini," akasema. "Huko juu umeshakaa vya kutosha." Asubuhi dereva wa lori alipopiga honi, mama alimjibu akiwa dirishani kwamba mzigo umeungua. Tulilala kwenye mkeka mwaka mzima, sote pamoja, na sijalala vizuri hivyo tena maishani mwangu.

Miaka michache baadaye askari walikuja wakiwa na haraka zao. "Wewe rubani, twende!" "Ndiyo, afande," akajibu baba. Hawakusema ni wapi. Baba alipaa, akazunguka akapita juu ya nyumba, mama akatupia majani, naye akatikisa mabawa. Hatukumwona tena, wala ndege, wala mtu wa kutuambia chochote. Ndipo tukahamia Bwera kweli. Mama alizeeka akipikia kuni, na kila jioni alitupia majani mabichi motoni. Alisema ni kwa ajili ya mbu. Nilimwambia kuna dawa ya mbu dukani. Akaniangalia kama aliyezaa mjinga.

Mama ametutoka. Mimi jiko langu ni la gesi, watoto waliniletea wenyewe: safi, la haraka, halina moshi hata chembe. Wanasema mama yao sasa anaishi kama mtu. Ni kweli, wala sikatai. Lakini ndege ikipita juu ya Bwera mimi hutoka nje na mwiko mkononi, nikatazama juu mpaka ipotelee milimani. Najua baba hayumo. Ila kama yumo, nyumba hii ataijuaje?